Mhuri wa Marehemu

SEHEMU YA TISA

Wiki iliyopita tulimwacha marehemu amesimama mbele ya karani, mkoba begani, anasubiri kujibiwa.

Marehemu mwenyewe ni Arlene, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mzima wa afya, aliyekuwa amemaliza soseji nzima asubuhi ile. Aliingia kwenye banda la Hazina ya jimbo, katikati ya maonyesho ya kilimo ya Nebraska, kama watu wote wanavyoingia kila mwaka. Unataja jina lako, unataja la mama yako, karani anatafuta kwenye kompyuta kama kuna mali yenu iliyosahaulika. Wengine hutoka na hundi ya bima, na wengine hutoka na kalamu ya bure tu.

Yeye aliambiwa kwamba amekufa.

"Hebu rudia," alisema.

Karani, mzee mmoja aitwaye Osterholm, alirudia polepole. "Sanduku la amana la marehemu Ludmila Vrbka lilikaa benki miaka mitano bila mtu kulilipia. Sheria ya jimbo inasema ikifika hapo benki inalitoboa, vilivyomo vinaletwa kwetu, na sisi tunavitunza mpaka mrithi aje. Mrithi alikuja, mama. Mwaka juzi. Emil Vrbka, mtoto pekee aliye hai."

"Na binti?"

"Binti alikuwepo. Arlene. Alishafariki, wala hakuacha mtoto. Imeandikwa hapa kwa kiapo."

"Arlene ni mimi."

Osterholm alivua miwani. "Pole sana," alisema, asijue anampa pole mfiwa au maiti.

Arlene alitoa leseni ya udereva, iliyobaki na jina lake la usichana, na cheti cha kuzaliwa alichokibeba ili atafute mali ya mama. Karani akavitazama, akamtazama yeye, akavitazama tena.

"Humo sandukuni mlikuwa na nini?" Arlene aliuliza.

"Vitu viwili. Mkufu mmoja wa kale, wa mawe mekundu ya granati. Na bahasha moja iliyofungwa." Osterholm alisogeza uso karibu na kioo. "Juu yake pameandikwa kwa mkono: Ya Arlene peke yake."

Arlene alishika ukingo wa meza.

Ewe msomaji, kama umechelewa kujiunga nasi, jua hili tu. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, mama Ludmila alikuwa kwenye nyumba ya wazee, na Arlene ndiye aliyempeleka huko. Mama alikasirika, akasema maneno. Kila Jumapili mume wa Arlene, Milo, mtu mpole asiye na makuu, alikwenda badala yake kumwombea msamaha, na kila Jumapili alirudi anatikisa kichwa. "Bado ana hasira. Anasema usije." Arlene alitii. Mama akafa siku ya Alhamisi bila kuonana naye.

Miaka minane Arlene alikuwa akilala na swali moja: je, mama alikufa akimlaani? Jibu lilikuwa ndani ya bahasha ile. Mkufu ulikuwa mzuri, lakini bahasha ndiyo aliyoitaka.

"Nionyeshe hicho kiapo," alisema.

"Hairuhusiwi kabisa." Osterholm alitazama kushoto, akatazama kulia, akageuza kompyuta. "Ila sheria haisemi chochote kuhusu kumwonyesha marehemu."

Maneno yalikuwa wazi. *Mimi, Emil Vrbka, naapa kwamba dada yangu Arlene Vrbka amefariki dunia.* Saini ya Emil ilikuwa imelalia upande kama kawaida yake. Chini ya saini palikuwa na mhuri wa kamishna wa viapo, rangi ya zambarau, jina linasomeka herufi kwa herufi.

*Arlene M. Kubicek. Kamishna wa Viapo. Jimbo la Nebraska.*

Arlene aliusoma mara ya pili.

Kubicek ni jina la mumewe, na mhuri ulikuwa wa kwake mwenyewe. Hata wakati ule ulikuwa ndani ya mkoba, chini ya leso, kwa maana wakulima wa Dubova, mji wao, humkamata popote awagongee karatasi, hata mlangoni mwa kanisa.

Katika jimbo lile si lazima uwe wakili ili kuapisha watu. Arlene alikuwa karani wa ghala la nafaka la ushirika, na kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyegonga mihuri ya mji mzima. Sheria inataka anayeapa asimame mbele yako, atie saini ukimwona. Inataka pia usigonge karatasi inayokuhusu. Sasa nenda Dubova wakati wa mavuno umwambie mtu ashuke kwenye trekta aje asimame mbele yako, uone utakavyochekwa! Karatasi huachwa chini ya kopo la kahawa kwenye kaunta. Saa sita Arlene huzitoa, huzigonga moja baada ya nyingine huku anakula mkate, anazirudisha. Saini anazijua zote. Asome nini?

Ndivyo alivyogonga mhuri kwenye kifo chake huku anatafuna.

"Huyu Kubicek wa Dubova unamfahamu?" Osterholm aliuliza. "Maana kesi ikifunguliwa, wa kwanza kuitwa ni yeye."

"Namfahamu kidogo," Arlene alisema, akachukua mkoba.

"Mama, ngoja! Kuna ukurasa wa pili, wa shahidi!"

Alishatoka.

* * *

Milo alikuwa nje, ameketi kwenye benchi karibu na jiko la makaa la wachoma mahindi. Mkononi alikuwa na karatasi yenye kolache mbili, yale maandazi ya jamu ambayo kila bibi wa Dubova hudai kwamba ya kwake ndiyo ya asili. Ya Arlene, yenye mbegu za mpopi, aliiweka upande wake kama alivyofanya miaka thelathini na moja.

"Vipi, mke wangu? Tumeshakuwa matajiri?"

"Emil kaniua."

"Nani kakwambia?"

Lilikuwa jibu la ajabu kidogo, lakini Arlene hakuwa na nafasi ya kulipima. Alimweleza kwa maneno kumi: sanduku, kiapo, bahasha.

Milo aliitazama kolache yake. "Twende nyumbani, Arlene. Jua kali hili. Mambo ya karatasi hayana mwisho, na yule ni kaka yako. Damu nzito kuliko maji."

"Damu gani? Kwenye karatasi mimi sina damu tena!"

"Basi nenda. Mimi nakusubiri hapa hapa."

Arlene alikwenda mbio kwenye ukumbi wa mapishi, kwa sababu mahali alipo wifi yake Janelle siku ya mashindano, Emil hawezi kuwa mbali na sahani.

Janelle alimwona wa kwanza. Alikuwa amefunga aproni nyeupe na kubandika utepe wa buluu kifuani.

"Wifi! Njoo uone! Nimewashinda wote, hata yule mama anayejisifu na hamira ya babu yake!"

Arlene hakuuona utepe. Juu ya utepe, shingoni mwa Janelle, mawe mekundu yalikuwa yamejipanga kama punje za komamanga.

"Mkufu huo umeupata wapi?"

"Huu? Emil kaninunulia, tulipofikisha miaka thelathini ya ndoa. Aliupata mnadani." Janelle alicheka. "Nilimwambia, kumbe na wewe una moyo!"

"Geuza kifungo chake."

"Kwa nini?"

"Kigeuze tu, wifi. Kama kimeunganishwa na uzi wa shaba uliosokotwa mara tatu, basi aliyeusokota ni baba, jikoni kwetu, mimi nikiwa nimemshikia taa."

Janelle alipeleka vidole shingoni. Vilitafuta, vikapata, vikahesabu. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo.

"Wifi, mimi sikujua. Naapa kwa Mungu."

"Usiape. Ukoo huu viapo vimeshazidi."

Hapo Emil akatokea, glasi mbili za maji ya limau mikononi, mtu mkubwa mwenye kofia yenye nembo ya kampuni ya mbegu za mahindi. Alimwona dada yake. Aliuona mkono wa mkewe shingoni. Aliweka glasi mezani taratibu sana, kama mtu anayeahirisha kesho.

"Dada," alisema.

"Dada yako alikufa. Hukusikia? Ulikuwepo."

"Punguza sauti. Watu wanatazama."

"Waache watazame! Mara ngapi wataona maiti anagombana? Emil, tumelala chumba kimoja miaka kumi. Nilikufundisha kufunga viatu. Kalamu ilikuwa nzito kiasi gani ulipoandika kwamba nimefariki?"

Emil alitazama chini, na kwa dakika moja alionekana kuwa na aibu. Ingekuwa heri angebaki hapo. Lakini kuna watu aibu ikiwabana sana hugeuka kuwa ukali.

"Nilidhani humo kuna dhahabu," alisema. "Jina la mama lilipotoka gazetini, kwenye orodha ya mali iliyosahaulika, mwezi wa tatu ule, nikawaza, maisha yake yote mama alikuwa Arlene hivi, Arlene vile. Nikiwa mrithi pekee, fomu ni moja na jibu ni la haraka. Na wewe usijifanye mtakatifu. Karatasi niliiweka chini ya kopo la kahawa, mchana kweupe. Ungesoma mistari mitatu ungejua umekufa. Nilikaa wiki nzima naogopa simu yako. Wewe ukagonga mhuri ukaendelea na mkate wako!"

Kila neno lilikuwa kweli.

"Kwa hiyo nenda kaseme," Emil aliendelea, sauti imeshuka. "Mimi nitalipa faini, nitafokewa na jaji. Wewe utanyang'anywa mhuri, ushirika watakufukuza, na kila karatasi uliyogonga miaka ishirini na miwili itafukuliwa. Nani Dubova atakusalimia? Umejiua mwenyewe, dada. Mimi nilileta karatasi tu."

Halafu kifungo kikalia, *tik*. Janelle alikuwa amevua mkufu. Aliuweka kwenye kiganja cha Arlene, akakikunja kiganja kwa mikono yake miwili.

"Janelle!" Emil alisema.

"Nyamaza. Leo utakula nyumbani kwa mtu mwingine."

Arlene aliyahisi mawe mkononi, na hayakumfurahisha hata kidogo.

"Barua iko wapi?" aliuliza.

Emil alizitazama glasi za maji ya limau.

"Uliichoma?"

"Sikuichoma."

"Basi nipe! Chukua shamba, chukua mkufu, niandike nimekufa mara saba ukitaka. Nipe barua ya mama yangu!"

"Sinayo." Emil alivua kofia, akaikunja. "Fomu ilitaka shahidi asiyerithi chochote, mtu anayeifahamu familia, aandike kwamba kweli umekufa. Nilimpata mmoja. Nilimwahidi fedha, akakataa hata senti. Alisema atatia saini nikimpa bahasha itakayokutwa humo sandukuni, akaongeza kwamba hata gazeti lenye orodha ile hutaliona nyumbani kwenu."

"Shahidi gani huyo?"

"Kamwulize karani wako. Mimi nimeshaapa vya kutosha."

* * *

Osterholm alipomwona anarudi alisimama.

"Nikitaka dai hili lifunguliwe upya, nifanye nini?" Arlene aliuliza.

"Uandike kwa mkono wako kwamba kiapo ni cha uongo. Na tumpate yule kamishna aeleze aligongaje."

Hapa ndipo Arlene angeweza kuondoka. Mkufu alikuwa nao. Kazi alikuwa nayo. Mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya mlango mji mzima ulimheshimu. Alichokosa ni karatasi moja tu, na walio wengi tungejiambia kwamba marehemu mama hawezi kujua.

Alifungua mkoba, akatoa leso, akatoa mhuri, akauweka mezani.

"Kamishna huyu hapa," alisema. "Nipe kalamu."

Aliandika: *Mimi, Arlene Marie Kubicek, niliyezaliwa Vrbka, ni hai. Mhuri ule ni wangu. Niligonga bila kusoma, na aliyeapa hakusimama mbele yangu.* Alitia saini. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alisoma karatasi yote kabla ya kuitoa mkononi.

Osterholm aliipokea kwa vidole viwili. "Mama, unajua hii itakugharimu?"

"Najua. Sasa nionyeshe ukurasa wa pili."

Karani alibonyeza. Ukurasa ukaja.

*Mimi niliyetia saini hapa namfahamu Arlene Vrbka tangu ujana wake, na nathibitisha kwamba amefariki.*

Chini yake kulikuwa na saini: M. Kubicek. Mguu wa ile K ulikuwa mrefu, umepinda mwishoni kama ndoano ya kuvulia samaki. Arlene aliijua ndoano ile. Ilikuwa kwenye kadi thelathini na moja za kuzaliwa kwake, kwenye hundi za mbegu, kwenye cheti cha ndoa kilichotundikwa juu ya kitanda chao.

"Kubicek mwingine," Osterholm alisema bila kujua. "Huko kwenu Kubicek ni wengi kama mahindi."

"Ni wengi," Arlene alisema.

Akakumbuka Jumapili zile, mlango unafunguliwa, kichwa kinatikiswa. *Anasema usije.* Akakumbuka gazeti la mwezi wa tatu lililokosa kurasa za kati, na Milo anacheka, "Nimewashia jiko, mke wangu, kwani ulikuwa unazisoma?" Akakumbuka dakika arobaini zilizopita, mbele ya jiko la mahindi. Mtu akiambiwa mkewe ameuawa kwenye karatasi, husema nini? Husema, "Nini?" Milo alisema, "Nani kakwambia?"

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Arlene alikuwa ameshinda akikitafuta kwenye nguo za kaka.

Alitoka nje. Milo alikuwa pale pale, kama alivyoahidi. Kolache yake alikuwa ameila. Ile yenye mbegu za mpopi ilikuwa bado kwenye karatasi, haijaguswa, na hilo ndilo lililomuumiza Arlene kuliko yote.

"Imepoa," Milo alisema.

"Jumapili zile ulikuwa unakwenda kwa mama?"

Milo alifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja. Hakuuliza Jumapili zipi.

"Nilikuwa nakwenda."

"Alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa anauliza unakuja lini."

Wachoma mahindi walikuwa wanaita wateja. Arlene alisikia sauti zao kwa mbali, kama zinatoka kijiji kingine.

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Nilimwambia hutaki kumwona." Milo alizungumza kwa upole, sauti ile ile ya kumwuliza mkewe kama amefunga mabanda ya kuku. "Kila ulipotoka kwake ulikuwa hunioni, Arlene. Ulirudi ukiwa mtoto wa Ludmila, si mke wa mtu. Nilitaka mwaka mmoja tu. Halafu akafa, na mimi sikujua pa kuanzia."

"Nipe barua yangu."

Milo alisimama. Aliingiza mkono ndani ya koti, upande wa moyo, akatoa bahasha. Pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kubebwa, na maandishi ya mama yalikuwa yamefifia, lakini gundi ilikuwa bado imeshika. Miaka miwili aliibeba na hakuwahi kuifungua.

"Sina haja ya kuifungua," alisema, kana kwamba amesikia swali. "Najua kilichomo. Mama yako aligundua, siku tatu kabla hajafa, akanipigia simu kwamba ameshakuandikia na kumpa mtu wa benki akuwekee sandukuni. Na hakugundua habari ya Jumapili peke yake." Aliishika kwa mikono miwili. "Ukiisoma, leo hutarudi nyumbani na mimi."

"Mimi ni marehemu, Milo. Marehemu hana nyumba. Nipe."

Alinyoosha kiganja, kile chenye mkufu, mawe mekundu yakining'inia katikati ya vidole.

Milo akamtazama kwa muda mrefu, kwa macho yale yale aliyomtazama nayo madhabahuni. Mkono wake ukanyooka na bahasha.

Haukunyooka upande wa mkewe. Ulinyooka juu ya makaa.